Kioo cha abiria kinashuka ila hakipandi, naambiwa ninunue mota: mafundi na madereva wa Mtwara na Lindi naomba ushauri

Mkazi wa Shangani:

Wakuu habari za kazi. Nipo Mtwara mjini, nina kigari cha Kijapani cha miaka kidogo, vioo vyote vinne ni vya umeme. Shida ipo kioo cha mbele kushoto, kwa abiria. Nikibonyeza kwenye swichi zangu za upande wa dereva hakiendi juu wala chini, kimya kabisa. Abiria akibonyeza swichi ya mlangoni kwake kinashuka vizuri tu, bila kusuasua. Akiivuta ili kioo kipande, hakijibu. Kwa hiyo mtu akishakishusha ndiyo basi, kimebaki chini. Vioo vingine vitatu havina neno.

Nimepeleka gereji moja, fundi akakaa kwenye kiti, akabonyeza, akasema mota imekufa, nitafute mota na regulata yake (mkono unaobeba kioo) ya mtumba kutoka Dar. Sijakataa, lakini moyo unasita. Mota iliyokufa inashushaje kioo? Na mvua ndizo hizi zimefunguka, huku kwetu zikishaanza ni mpaka mwezi wa nne. Gari inalala nje. Kwa sasa nimeziba dirisha kwa nailoni na tepu, na kila nikipita barabara ya Mikindani upepo wa bahari unaibandua.

Naombeni mwenye kujua anieleze kabla sijatuma hela.

Dereva Tandahimba:

Pole sana mkuu. Angalia kwanza kile kitufe cha kufungia vioo kwenye swichi za dereva, chenye alama ya kioo kilichokatwa. Watoto wanakibonyeza bila mtu kujua. Mimi niliwahi kuhangaika asubuhi nzima, kumbe ni hicho.

Fundi Umeme Lindi:

Mkazi wa Shangani, hela yako iache mfukoni kwanza. Dereva Tandahimba ameshauri jambo la kuanza nalo kweli, lakini kwenye magari mengi kitufe hicho kinakata moto, yaani umeme, wa swichi za abiria. Kingekuwa hicho, picha ingegeuka: dereva angeweza kupandisha na kushusha, abiria asingeweza lolote. Yako dereva hawezi chochote, abiria anaweza nusu. Hiyo nusu ndiyo inayosema kila kitu, kwa hiyo nivumilie nieleze kwa kirefu.

Mota ya kioo ni mota ya volti 12 yenye waya mbili za nguvu. Ukipeleka moto waya wa kwanza na eathi (upande wa hasi) waya wa pili, inazunguka upande mmoja. Ukizigeuza, inazunguka upande mwingine. Ni mota ileile moja. Kama inashusha kwa nguvu zake maana yake kaboni zipo, giya ipo na waya za ndani zipo. Kuna mota dhaifu inayoweza kushusha ikashindwa kupandisha kwa sababu ya uzito wa kioo, sawa, lakini hiyo utaisikia ikiguna, na taa ya darini itafifia ukivuta swichi, kwa sababu umeme unavutwa na kazi haifanyiki. Umesema kimya kabisa. Jaribu usiku, washa taa ya ndani, vuta swichi ya abiria juu. Taa isipotikisika, umeme haufiki kwenye mota, au unafika lakini hauna njia ya kurudi.

Sasa hapo kwenye kurudi. Kwenye magari mengi ya Kijapani ya umri huo, zile waya mbili za mota ya abiria zinapita kwenye swichi ya abiria, zinatoka mlango wa kushoto, zinakatiza chini ya dashibodi, zinaingia mlango wa kulia hadi kwenye swichi kuu ya dereva. Usipogusa kitu, zote mbili zimelala kwenye eathi, na eathi hiyo ipo upande wa dereva. Swichi ya abiria haina eathi yake mwenyewe, inapewa moto tu.

Tuziite njia A na njia B. Abiria akishusha, swichi yake inatia moto waya wa B, umeme unapita kwenye mota na kurudi kwa dereva kupitia A. Akipandisha, moto unatiwa waya wa A na umeme unarudi kupitia B. Dereva yeye anatumia njia zote mbili kila mara, moja kupeleka na nyingine kurudisha.

Ikikatika B peke yake: dereva hawezi kushusha wala kupandisha. Abiria anaweza kushusha, maana kunarudia A ambayo ni nzima. Hawezi kupandisha, maana B haipo. Rudia kusoma ulichoandika juu, ndicho hicho. Mota mpya ungeifunga leo, kesho kioo kingekuwa palepale, na mwenye duka la spea asingekurudishia pesa.

Mkazi wa Shangani:

Fundi, nimesoma pole pole, nimeelewa. Nimefanya ule mtihani wa taa usiku: nikishusha, taa inatikisika kidogo. Nikivuta juu, haitikisiki hata kidogo. Sasa huo waya B nautafutia wapi? Kutoka mlango mpaka mlango ni mbali.

Fundi Umeme Lindi:

Waya haukatiki hovyo katikati ya dashibodi, pale hapachezi. Unakatika panapokunjwa. Nenda kwenye bawaba, kati ya mlango na bodi, utaona bomba la mpira lenye mikunjo. Ndani yake ndimo zinapopita waya zote za mlango, na kila mlango unapofunguliwa zinapinda na kunyooka. Miaka inavyokwenda shaba inachoka, nyuzi zinakatika moja moja huku ganda la nje limebaki zima, ukiliona utaapa waya ni mzima.

Kwetu huku pwani kuna na la pili. Hewa ya bahari ina chumvi, chumvi inavuta unyevu, na mpira ukishapasuka kidogo unyevu unaingia na kukaa. Shaba inaota unga wa kijani. Magari ya Mikindani, Msimbati, Kilwa, na ya hapa Lindi yanayolala karibu na maji, nikivua ule mpira nakuta kijani mara nyingi kuliko magari ya Masasi au Nachingwea.

Fanya hivi: mtu ashikilie swichi ya abiria juu, wewe funga na fungua mlango taratibu, na ukiwa umeufungua minyaminya ule mpira. Kioo kikishtuka, umeshapata.

Fundi Magomeni Mtwara:

Niongezee kwa ndugu yangu wa Lindi, hasa kwa wanaopima wenyewe. Msitegemee mita ya kidijitali peke yake. Waya uliobakiwa na nyuzi mbili tatu za shaba utakuonyesha volti 12 kamili kwenye mita, kwa sababu mita haivuti umeme wowote wa maana. Ukiudai ubebe mota, unashindwa. Chukua balbu ya taa ya breki, ya wati 21, ichomee waya mbili, pimia kwa hiyo. Ikiwaka kwa nguvu waya ni mzima. Ikiwaka kama kiberiti kinachozimika, waya umeoza hata kama mita inasema 12.

Na kwa Mkazi wa Shangani, kama mvua inakusumbua usiku huu, unaweza kupandisha kioo bila kutengeneza chochote. Vua kava la mlango. Kuna skrubu nyuma ya kitasa cha ndani na nyingine kwenye mkono wa kufungia, zilizobaki ni klipu, zivute kwa bisibisi bapa iliyozungushiwa kitambaa. Chomoa soketi ya mota, ipelekee moto na eathi moja kwa moja kutoka betri, ukiweka fyuzi ya ampea 20 njiani. Kikishuka badala ya kupanda, geuza waya. Kikifika juu acha papo hapo, usiendelee kuisukuma mota iliyofika mwisho. Toa vidole mlangoni, toa na watoto kwenye gari.

Mkazi wa Shangani:

Ahsante sana fundi wa Magomeni, kioo kimepanda! Nimefanya mbele ya nyumba na kijana wangu, mota inavuta vizuri kabisa. Kwa hiyo la mota limekwisha.

Lakini mpira wa mlango wa kushoto nimeuminya, nimeukunja, nimefunga na kufungua mlango, hakuna kitu. Nikauvua kwa juu: waya zote ni safi, shaba inang'aa. Nimevuta waya mmoja mmoja, hakuna uliolegea.

Fundi Umeme Lindi:

Safi sana, umeshafunga upande mmoja wa mjadala. Sasa hamia mlango wako.

Watu wengi hawapafikirii hapo. Kioo kibovu ni cha kushoto, kila mtu anafungua mlango wa kushoto. Lakini nilisema njia A na B zinaishia kwenye swichi kuu, na swichi kuu ipo mlango wa kulia, kwa hiyo zinapita kwenye mpira wa bawaba ya dereva. Na ni mlango gani unafunguliwa kila safari, hata ukiwa peke yako? Wako. Abiria anapanda siku moja moja. Waya za mlango wa dereva ndizo zinazokunjwa kuliko zote garini.

Mtu akae kushoto ashikilie swichi juu. Wewe simama nje, chezesha mlango wa dereva.

Dada wa Mikindani:

Wakati tunasubiri jibu, naomba niulize langu. Kioo cha nyuma kwangu kinapanda taratibu sana, kikifika katikati kinasimama. Nikisubiri kama dakika kumi kinaendelea. Asubuhi kinakuwa afadhali, mchana kwenye jua kali ni shida. Nacho ni waya?

Fundi Magomeni Mtwara:

Dada, lako ni jingine. Ndani ya mota nyingi kuna kinga ya joto: ikilemewa na kupata moto inajikata yenyewe, ikipoa inarudi. Ndiyo maana kikipumzika kinaendelea. Swali ni nani anayeilemea.

Mara nyingi ni raba za kando, zile njia ambazo kioo kinateleza ndani yake. Zinajaa mchanga na vumbi, jua linazikausha, zinakibana kioo. Shusha kioo chote, chukua kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, pitisha kwa kijiti ndani ya njia zote mbili mpaka kitambaa kitoke safi. Acha zikauke kabisa. Kisha puliza sprei ya silikoni, pandisha na kushusha ili isambae. Usipake mafuta ya injini wala grisi, vinavimbisha raba na kuokota vumbi maradufu.

Ukishasafisha na bado kinasuasua, mwambie fundi apime umeme kwenye soketi ya mota wakati kioo kinapanda. Ukiwa umeshuka sana kuliko ule wa betri, kuna swichi au waya unaokula umeme njiani. Ukiwa mzima, hapo ndipo tutaongelea mota au regulata.

Mkazi wa Shangani:

WAKUU NIMEPATA!

Kijana amekaa kushoto, ameshikilia swichi. Nimefungua mlango wangu taratibu, ulipofika karibu na nusu kioo cha kushoto kikaruka juu kama inchi moja kikasimama. Nikaurudisha kidogo, kikaruka tena. Nimeuvua mpira kwa bisibisi kutoka kwenye tundu la bodi. Umepasuka kwa chini, mahali usipopaona ukiwa umesimama. Ndani, waya mmoja umekatika kabisa, ncha zake zinagusana mlango ukiwa pembe fulani tu. Nimeuminya ganda ukamwaga unga wa kijani kiganjani. Jirani yake haujakatika lakini nao ganda limepasuka na umeshaanza kuota kijani. Nyingine zinaonekana nzima.

Mlango wa kulia umeua kioo cha kushoto. Fundi wa Lindi, Mungu akuzidishie. Sasa nauungaje? Nikiusokota na kuuzungushia tepu utafika wapi?

Fundi Umeme Lindi:

Usisokote. Kiungo cha kusokota pale kitakupa wiki chache, halafu tepu italainika kwa joto la mlango, gundi itachuruzika, unyevu utaingia na tutarudi hapa hapa. Nayaona magari yakiletwa na kilemba cha tepu chenye unene wa mkono ndani ya mpira, mlango haufungi vizuri, waya nyingine zimebanwa zikakatika kwa sababu ya kilemba chenyewe.

Kata waya uliooza mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa. Ule unga wa kijani unatambaa ndani ya ganda, kwa hiyo ukikata na kukuta shaba nyeusi au kijani, rudi nyuma tena, hata sentimita 10. Risasi ya kuchomea haishiki kwenye shaba iliyooza. Huo wa jirani uliopasuka nao ukate na kuuweka mpya, usiuonee huruma.

Weka kipande cha waya laini wa nyuzi nyingi, unene uleule au zaidi kidogo. Waya mgumu wa nyumbani wenye shaba moja usiutumie kabisa pale, utakatika upesi. Na viungo usiviache ndani ya mkunjo. Kipande kiwe kirefu, kiungo kimoja kiwe ndani ya mlango na kingine ndani ya bodi nyuma ya kava la miguuni, ili ndani ya mpira upite waya mzima. Ukiunga waya mbili, viungo visikae sambamba, kimoja kitangulie.

Kabla ya yote toa waya wa hasi kwenye betri.

Fundi Magomeni Mtwara:

Hapo kwenye viungo ndipo mafundi tunapogombana, nami nasimama na wa Lindi. Risasi inapopanda ndani ya nyuzi inaufanya waya kuwa mgumu, na waya mgumu unakatika pembeni mwa risasi ukikunjwa. Kwa hiyo ukichomea kwa risasi, kiungo lazima kikae mahali pasipokunjwa. Wapo wanaopenda kibano cha shaba cha kuminya kwa koleo maalumu, nacho ni kizuri kikiminywa sawasawa. Vyovyote vile, funika kwa mpira wa kusinyaa kwa moto, ule wenye gundi ndani kama unapatikana. Kumbuka kuuvalisha kwenye waya kabla hujaunga!

Dereva Tandahimba:

Nimefuatilia uzi huu toka mwanzo. Mimi nina la swichi. Gari yangu inabeba salfa ya mikorosho msimu wa kupuliza, magunia yanakaa nyuma na mengine kiti cha abiria, vumbi la njano linajaa kila mahali. Sasa swichi za dereva lazima nizibonyeze kwa nguvu mara nyingi ndipo kioo kitii, na inakwaruza ukibonyeza. Kuna mtu ameniambia nipulize ile sprei ya kulegeza nati zilizoshika kutu ndani ya swichi. Sawa?

Fundi Umeme Lindi:

Kaka, usipulize! Hili nalisema kwa herufi zote.

Mwezi wa 10 mwaka 2012 Toyota iliita magari takriban milioni 7.4 duniani yarudi kurekebishwa kwa ajili ya swichi kuu ya vioo ya upande wa dereva. Grisi ya ndani ilikuwa haikupakwa sawasawa, swichi zikawa zinakwaruza na kukwama. Kampuni ilionya wazi kwamba mwenye gari akipuliza vilainishi vya dukani ili kuondoa mkwaruzo, swichi inaweza kuyeyuka, ikatoa moshi na hata kuwaka moto. Mwaka 2015 iliita tena magari milioni 6.5, ni swichi ileile ya dereva, safari hii grisi ilikuwa haitoshi na chembe za kontakti (vile vipande vya ndani vinavyogusana) zilizosagika zingeweza kuleta shoti. Umeme wa mota za vioo unapita ndani ya swichi hiyo, si umeme mdogo wa redio.

Sasa lako la salfa lina maelezo yake. Salfa inaifanya shaba na fedha kuwa nyeusi, na kontakti za swichi ndizo metali hizo. Ule weusi haupitishi umeme vizuri, panapata joto, panaungua zaidi. Magari ya Tandahimba na Newala yanayobeba salfa nayajua kwa swichi zake kabla hata sijauliza ametoka wapi.

Toa betri, toa swichi, ifungue polepole juu ya kitambaa cheupe maana kuna vispringi na vidude vidogo vinavyoruka. Futa weusi kwenye kontakti kwa raba ya kufutia penseli au msasa laini kabisa, safisha kwa spiriti, acha ikauke. Grisi ikihitajika iwe ya kontakti za umeme inayohimili joto, tone dogo. Ukikuta plastiki imeshayeyuka au kontakti imeliwa na kutengeneza shimo, usihangaike, tafuta swichi nyingine nzima. Na salfa ibebe nyuma ya pikapu, ndani ya kabini ya gari unaivuta na wewe mwenyewe kifuani.

Mkwezi Kilwa Masoko:

Mimi changu kikishuka kinalia krrrr, halafu jana kimeanguka chote ndani ya mlango. Mota inasikika inazunguka.

Fundi Magomeni Mtwara:

Huo ni mkono wa regulata, au kamba yake. Kuna regulata ya mkasi na kuna ya kamba ya chuma inayozunguka kwenye kapi za plastiki. Inayolia krrrr ni ya kamba mara nyingi: nyuzi za chuma zimechanika zikajikunja kwenye kapi, au kile kishikio cha plastiki kinachobeba kioo kimepasuka. Acha kubonyeza kabla kamba haijaisaga giya ya mota. Inunuliwe regulata nzima, kamba ya kuunga haidumu. Kwa sasa kivute kioo juu kwa viganja viwili, ndani na nje, ukifunge kwa tepu pana juu ya fremu.

Kama ni ya mkasi kuwa makini sana. Zina springi kubwa. Ukifungua mota kabla mkono wa mkasi haujafungwa au kubanwa, mkono unaruka kwa nguvu na unaweza kukata vidole.

Mzee wa Masasi:

Nami nimebadili betri wiki hii. Kioo cha dereva kilikuwa kinapanda chenyewe ukivuta mara moja, sasa hakiendi mpaka nishikilie, na taa ya kwenye swichi inapepesa.

Fundi Umeme Lindi:

Mzee wangu shikamoo. Hakuna kilichoharibika. Kioo cha aina hiyo kinakumbuka mwisho wake wa juu, ili kikikuta mkono au kichwa cha mtoto kirudi chini. Betri ikitolewa kinasahau. Weka swichi ya ufunguo kwenye ON, vuta swichi ya kioo mpaka kifungike, na kikishafungika endelea kuivuta sekunde kadhaa bila kuachia. Kwenye magari mengi taa itaacha kupepesa. Kisha jaribu mara moja moja. Utaratibu unatofautiana kidogo kwa kila gari, kikigoma angalia kitabu cha gari.

Na hapa niwaambie wengine: hesabu ya A na B niliyompa Mkazi wa Shangani ni ya magari yenye swichi za kawaida. Magari mapya mengi, na ya Ulaya hasa, yana kompyuta ndogo ndani ya kila mlango. Swichi inatuma ujumbe tu, kompyuta ndiyo inayoizungusha mota. Huko usipeleke moto wa betri kwenye waya usioujua, mpeleke mtu mwenye mashine ya kusoma kompyuta.

Mkazi wa Shangani:

Narudi na majibu. Nilimpata kijana wa umeme hapa mtaani, nikamwonyesha uzi huu kwenye simu, akasoma wote. Waya mbili zimebadilishwa, viungo vimo ndani ya mlango na nyuma ya kava la miguuni kama mlivyosema. Nilimlipa ufundi wake na vipande vya waya, basi. Kioo kinapanda na kushuka kutoka pande zote mbili.

Nimebakiwa na mambo mawili. Ule mpira uliopasuka nimeurudisha ulivyo kwa sababu sina mwingine. Na pale kwenye mlango wa kushoto, nilipovua kava nilikuta nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi kama lami, imechanika nilipoivuta. Ina kazi gani? Kijana anasema niitupe.

Fundi Umeme Lindi:

Hongera sana, na mpe kijana salamu, anayekubali kusoma kabla ya kufungua atafika mbali.

Nailoni usiitupe. Maji ya mvua yanaingia ndani ya mlango kila siku kupitia juu, pale kioo kinapozama. Hilo ni la kawaida, na chini ya mlango kuna matundu ya kuyatoa. Nailoni ndiyo inayozuia maji hayo yasije upande wa kava, swichi na spika, na mwisho miguuni kwako. Ikichanika, kata nailoni nene nyingine ukubwa uleule, ibandike kwa ile gundi ya zamani, ukiipasha joto kidogo inashika tena. Chini ya mlango chomekea kijiti kwenye matundu utoe tope, yakiziba mlango unageuka ndoo na kutu inaanza kwa ndani.

Mpira wa bawaba tafuta wa mtumba mahali wanapokata magari, hata wa gari nyingine yenye kipimo kinacholingana. Ukikosa kwa sasa, usafishe, ukauke, ziba ufa kwa gundi ya silikoni isiyonuka siki, maana ile ya siki inakula shaba. Acha mlango wazi mpaka gundi ikauke, ili usikaushe mpira ukiwa umekunjwa. Na ukiurudisha kwenye tundu la bodi, pitisha kidole mzunguko mzima uhakikishe mdomo wake umeingia wote. Ukiacha upande mmoja nje, maji yatatiririka kwa kufuata waya hadi kwenye fyuzi.

Mkazi wa Shangani:

Sawa fundi. Nimepitisha kidole, kwa chini ulikuwa haujaingia. Nimeusukuma kwa mpini wa kijiko ukaingia. Kesho nanunua nailoni.

Dada wa Mikindani:

Nami nimesafisha njia za kioo kwa kijiti na sabuni, mchanga uliotoka ni wa kujaza kiganja. Nimepuliza silikoni. Kimepanda saa saba mchana bila kusimama.